Ustawi wa Walimu na Watumishi wa Shule Huanzia Ofisini

Stadi za kijamii na kihisia ni uwezo wa mtu kutambua anachohisi, kujizuia hasira inapopanda, kuelewa hali ya mwenzake, kuishi vizuri na watu na kuamua mambo kwa utulivu. Mpangilio huu wa stadi tano ulienezwa na CASEL, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, na leo umeingia kwenye mitaala ya nchi nyingi kwa majina kama stadi za maisha, malezi na maadili. Karibu kila mara anayelengwa ni mtoto. Mtu mzima anayesimama mbele ya mtoto huyo huchukuliwa kana kwamba stadi hizo alizimaliza chuoni na hazimpungui tena. Zinapungua. Mwalimu aliyekesha akiuguza, anayedaiwa, aliyefokewa asubuhi mbele ya darasa lake, hana akiba ya subira ya kumgawia mtoto. Shule inayotaka wanafunzi watulivu na wenye heshima haina budi kuanza na watu wazima wake: walimu, makarani, wapishi, walinzi, matroni na mapatroni.

Akiba hiyo ikiisha kabisa, huja uchovu usioondoka kwa usingizi wa Jumamosi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974 baada ya kuuona kwa wahudumu wa kliniki moja mjini New York, na baadaye Christina Maslach akautungia kipimo kinachotumika hadi leo. Una sura tatu: mtu huishiwa nguvu, moyo wake hufa ganzi kwa watu anaowahudumia, kisha huona kazi yake haina matunda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, na likasema wazi kwamba haliuhesabu kuwa ugonjwa. Uamuzi huo unamgusa mkuu wa shule moja kwa moja. Ikiwa chanzo ni kazi, la kwanza la kurekebisha ni kazi yenyewe, na semina ya siku moja ya kuwahimiza walimu wawe wavumilivu haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Shuleni dalili zake huonekana mapema, ila husomwa vibaya. Mwalimu aliyekuwa akisahihisha kila daftari hadi mstari wa mwisho sasa anapiga alama za vyema bila kusoma. Anaingia darasani dakika kumi baada ya kengele. Wanafunzi aliokuwa akiwaita kwa majina sasa ni “hawa”. Kichwa kinamuuma kila Jumatatu, wala haulizwi sababu. Mcheshi wa ofisi amenyamaza, mpole ameanza kugombana na mpishi kwa sababu ya chai. Mara nyingi hatua ya kwanza ya uongozi ni barua ya kujieleza. Barua hiyo ina mahali pake, lakini ikitangulia mazungumzo hufunga mlango ambao ungefunguka kwa swali moja la faragha: “Mwalimu, naona muhula huu umebadilika, kuna linalokusumbua?” Utaratibu mzuri ni mkuu kuuliza kwanza, kusikiliza bila kuandika chochote, kisha kuamua kama jambo ni la nidhamu au la msaada.

Katika shule za umma za Tanzania mizigo inajulikana. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016 uandikishaji uliongezeka sana, na yapo madarasa mengi yaliyovuka kiwango cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Hesabu hiyo si takwimu tu kwa anayebeba madaftari. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi sabini sabini akitoa zoezi moja, ana madaftari 210 ya kusahihisha. Akitumia dakika mbili kwa kila moja anamaliza saa saba, nje ya vipindi, andalio la somo na zamu. Juu yake kuna mtihani wa taifa. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya shule bora, lakini katani na wilayani shule zinaendelea kulinganishwa, na mwalimu wa darasa la saba au kidato cha nne anaujua ulinganisho huo kwa namna anavyotajwa kikaoni.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa kwenye ratiba. Mwalimu ndiye anayeambiwa siri: mtoto asiyekula tangu jana, msichana anayeshikwashikwa na mjomba, kijana anayelala stendi. Anapokea habari hizo kati ya kipindi cha tatu na cha nne, anaifuta sura yake, anaingia kufundisha hesabu za sehemu. Kulificha jambo zito nyuma ya uso mkunjufu ni kazi, na kazi hiyo inachosha kuliko kusimama. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha kwa wanafunzi. Chache zimejiuliza ni nani anayemsikiliza yeye.

Mahali pa kuanzia ni kikao cha asubuhi, kwa sababu hapo ndipo watumishi hujifunza kila siku jinsi watu wanavyosemeshana shuleni hapo. Katika kikao cha aina ya kwanza, mkuu anafungua kitabu cha mahudhurio na kusoma majina ya waliochelewa. Mwalimu mmoja anajaribu kusema mtoto wake alipelekwa zahanati usiku; anakatizwa. Wenzake wanatazama meza. Dakika kumi baadaye yuko mbele ya darasa, na mwanafunzi wa kwanza kuchelewa anaadhibiwa kwa maneno yale yale, hata kwa sauti ile ile. Katika kikao cha aina ya pili, mambo ya jumla husemwa kwa wote na ya mtu mmoja humsubiri mtu mmoja. Mkuu anasema, “Juzi na jana vipindi viwili vya kwanza vimekuwa na mapengo, leo tuvizibe,” kisha baada ya kikao anamwita mhusika pembeni. Kosa limesemwa, heshima imebaki. Kanuni ya kusifu mbele za watu na kuonya faraghani haihitaji bajeti wala kibali cha halmashauri, na hakuna badiliko jingine katika makala haya linaloleta nafuu ya haraka kama hilo.

Kanuni hiyo inahusu pia maofisa wanaotembelea shule. Afisa elimu kata au mthibiti ubora akimkosoa mwalimu mbele ya wanafunzi, anamvua mwalimu kile anachokihitaji ili afundishe siku hiyo. Mkuu jasiri humpokea mgeni ofisini, huomba maoni yatolewe kwa mwalimu peke yake baada ya kipindi, na hubaki palepale kuhakikisha mwalimu anapewa nafasi ya kujibu.

Baada ya ulimi, ratiba. Mgawanyo wa vipindi na majukumu ndio unaoonyesha haki au upendeleo kwa macho. Ni kawaida kukuta mwalimu mmoja kijana akiwa na vipindi vingi, mwalimu wa darasa, wa michezo, wa mazingira na wa takwimu kwa kuwa “anajua kompyuta”, huku mwenzake akiwa na somo moja. Orodha ya majukumu yote, pamoja na yale madogo, ikibandikwa ukutani ofisini, mgawanyo hurekebishika bila kelele kwa sababu kila mtu anauona. Zamu nayo iangaliwe. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote kwa wiki nzima. Katika wiki hiyo apunguziwe usahihishaji au vipindi vya mwisho wa siku, na zamu isipangwe kwa mwanamke aliyetoka likizo ya uzazi. Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Haki hiyo haitoshi ikiwa kwenye karatasi. Vipindi vyake vipangwe vifuatane ili saa hizo ziwe saa kweli, zisigeuke kukimbia nyumbani na kurudi akitweta.

Vikao virefu, ripoti zinazojirudia na ujumbe wa kundi la WhatsApp saa nne usiku ukidai takwimu za kesho asubuhi huiba mapumziko kimyakimya. Shule inaweza kukubaliana saa ya mwisho ya kutuma maagizo, tuseme saa moja jioni, isipokuwa kuna dharura ya mtoto. Wilaya nayo ikiomba takwimu zile zile kwa fomu tatu tofauti, mkuu ana wajibu wa kulisema hilo huko juu, maana mwalimu wa kawaida hana njia ya kulisema.

Mwalimu mgeni anahitaji mpango wake mwenyewe, hasa aliyepangiwa kijiji asichojua lugha wala njia zake. Wiki ya kwanza ndiyo inayoamua kama atakaa au ataanza kutafuta wa kubadilishana naye kituo. Anashuka kwenye basi na begi, godoro na jiko la gesi dogo, anaripoti, anasaini, anakabidhiwa vipindi. Mahitaji yake ya siku hiyo ni ya kawaida kabisa: nyumba yenye kufuli, mahali maji yanapochotwa, mtu wa kumwambia ni duka lipi linakopesha hadi mshahara wa kwanza uingie, na fundi wa kumwekea kitasa. Shule impe mwenyeji mmoja mwenye kujulikana, atembee naye kwa mwenyekiti wa kijiji, zahanati na sokoni. Mwalimu wa kike anayeishi peke yake asipangiwe nyumba ya pembeni kabisa mwa shule. Wiki mbili za mwanzo akae kwenye vipindi vya mwalimu mzoefu, naye mzoefu akae kwenye vyake, bila alama wala ripoti.

Kusaidiana kwa walimu wenyewe kunaweza kuwekwa ndani ya utaratibu uliopo. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, huwakutanisha walimu shuleni kujadili ufundishaji. Nusu saa ya mkutano mmoja kwa mwezi ikitengwa kwa ajili ya mwalimu mmoja kueleza hali iliyomshinda darasani, na wenzake kuuliza maswali kabla ya kutoa ushauri, stadi zote tano zinafanyiwa mazoezi na watu wazima bila kuitwa somo. Masharti mawili yanatosha: yanayosemwa hayatoki nje, na mkuu naye akipata zamu aeleze lililomshinda yeye. Mkuu asipolitimiza la pili, la kwanza halitaaminiwa.

Suala la fimbo halikwepeki hapa, kwa kuwa hapo ndipo msongo wa mtu mzima humfikia mtoto mwilini. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Tanzania Bara bado inairuhusu, lakini kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila tukio liandikwe kitabuni. Mwalimu anayezunguka na fimbo kuanzia kipindi cha kwanza, kwa hiyo, yuko nje ya kanuni. Mara nyingi yuko pia nje ya nguvu zake: anapiga kwa sababu darasa ni kubwa, kelele imemzidi na hana njia nyingine aliyofundishwa. Nchini Uganda, mpango wa shirika la Raising Voices ulijaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, ukafanya kazi na shule nzima kwa miezi 18, kuanzia uongozi na walimu hadi wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha uwezekano wa mtoto kupigwa na mtumishi wa shule ukishuka kwa asilimia 42. Somo lake kwa viongozi ni kwamba amri ya kuacha haitoshi. Mwalimu apewe kitu cha kushika mahali pa fimbo.

Vitu hivyo vipo na si vigumu. Darasa litunge kanuni zake tano kwa maneno ya wanafunzi na zibandikwe ukutani. Mwalimu anayehisi damu imepanda aruhusiwe kusema, “Fungueni ukurasa ule, someni kimya,” asimame mlangoni apumue polepole mara kadhaa, mdomo ukiwa umefungwa na pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kisha arudi. Mwalimu wa darasa la jirani akubaliane naye ishara: akimpelekea mwanafunzi na chaki mkononi, mwenzake anajua aje asimame dakika tano. Ishara hiyo ya chaki inaweza kuokoa mtoto na kazi ya mtu kwa pamoja.

Fedha ni chanzo kikubwa cha msongo ambacho semina za ustawi hupenda kukiruka. Mikopo inayokatwa kwenye mshahara ina mpaka: angalau theluthi moja ya mshahara lazima ibaki. Mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu haina mpaka huo. Mkopeshaji huchukua kadi ya benki na namba ya siri, na siku ya mshahara yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine. Mwalimu wa namna hii hufika kazini bila nauli na huona aibu kusema. Mkuu hawezi kumlipia madeni, lakini shule inaweza kuimarisha mfuko wa kufa na kuzikana uwe pia mfuko wa dharura ndogo usio na riba, kuwaunganisha watumishi na SACCOS yao, na kumwalika ofisa wa chama cha walimu aeleze haki ya malimbikizo, likizo na uhamisho kwa mifano ya fomu zenyewe. Mazungumzo ya fedha yafanywe kabla ya Januari, mwezi wa karo na sare za watoto wa watumishi, maana hapo ndipo wakopeshaji huvuna.

Msiba shule nyingi huupokea vizuri: michango hupita, basi hukodiwa, walimu huzika pamoja. Kinachosahaulika ni baada ya hapo. Mfiwa hurudi kazini na kupewa vipindi vyake vyote pamoja na vile vilivyorundikana. Wiki ya kwanza apewe nusu ya vipindi, asiwekwe zamu, na mtu mmoja aliye karibu naye amtazame kwa miezi mitatu ijayo, kwa sababu huzuni nzito mara nyingi hushuka watu wakishatawanyika.

Msiba unapoikumba shule yenyewe, watumishi huwa wafiwa na wafariji kwa wakati mmoja. Ajali ya basi la shule ya Lucky Vincent iliyotokea wilayani Karatu mwezi Mei 2017 iliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Waliobaki katika janga la aina hiyo wanatazamiwa kusimama mbele ya watoto wanaolia huku wamefiwa na wenzao. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, iliyoelezwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, ina hatua tatu ambazo mtumishi yeyote anaweza kujifunza: kutazama nani yuko salama na nani hayuko, kusikiliza bila kumlazimisha mtu kusimulia, na kumuunganisha na ndugu, huduma na taarifa za kweli. Mtu asiambiwe “usilie” wala “ni mapenzi ya Mungu” kabla hajasema neno. Apewe maji, kiti, simu ya kupiga nyumbani. Walimu wapewe nafasi yao ya kuomboleza kabla hawajapelekwa madarasani kuwatuliza watoto, hata kama ni saa moja.

Yapo matatizo yanayozidi uwezo wa wafanyakazi wenza. Huzuni inayodumu wiki mbili na zaidi karibu kila siku, kutolala, kutokula, pombe inayoanza asubuhi, kusikia sauti, au maneno kama “bora nisiwepo” yanahitaji mtaalamu. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani; humpa ruhusa ya kusema. Anayejibu ndiyo asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya kinachoweza kumpa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Wagonjwa wenye hali nzito hupelekwa hata Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Sonona hutibika, na mwalimu aliyetibiwa hurudi kufundisha. Shule imsaidie kwa kuyaweka mambo yake siri: ruhusa iandikwe “matibabu” tu, na anayetaka kujua zaidi ajibiwe kwamba mwenzao anaendelea vizuri.

Siri ndiyo nguzo ya yote yaliyotangulia, na katika ofisi yenye meza kumi na dirisha moja ni vigumu kuilinda. Watumishi wachague wenyewe, kwa kura, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja wa kuwasikiliza. Wasiwe mkuu wala msaidizi wake. Wasikilizaji hao waeleze mapema mipaka yao: siri hutunzwa, isipokuwa maisha ya mtu au usalama wa mtoto uko hatarini.

Wapishi, walinzi na matroni huachwa nje ya mipango ya aina hii, na hilo ni kosa. Matroni wa bweni ndiye anayeamshwa usiku na mtoto mwenye degedege. Mlinzi ndiye wa kwanza kumwona mwanafunzi anayetoroka. Wengi wao hulipwa kwa michango ya wazazi inayochelewa, hawana bima, na huitwa kwa kazi zao badala ya majina. Waingizwe kwenye kikao kimoja kwa mwezi, wapewe siku ya mapumziko inayojulikana, na malipo yao yawe ajenda ya kwanza ya kamati ya shule.

Mtumishi mmoja mmoja naye ana sehemu yake, ingawa ni ndogo kuliko inavyohubiriwa: kulala kwa saa ya kudumu, kuacha madaftari shuleni angalau siku mbili za wiki, kuwa na rafiki mmoja asiye mwalimu, na kusema “sitaweza” mapema kabla ya kushindwa hadharani.

Ili kujua kama mambo yanabadilika, rekodi zilizopo zinatosha: mahudhurio, maombi ya uhamisho, kitabu cha adhabu. Ziongezwe karatasi tatu za maswali kwa mwaka, zisizo na majina, zenye maswali manne tu: nini kinakuchosha zaidi, nini kilikusaidia muhula huu, kuna aliyekudhalilisha, na uongozi ubadilishe nini. Karatasi zikusanywe kwenye boksi na kufunguliwa na watumishi wawili waliochaguliwa, si mkuu. Ndani ya wiki mbili majibu yasomwe mbele ya wote, na mkuu ataje mambo mawili atakayobadilisha muhula huo, tarehe ya kila moja, na lile asiloliweza pamoja na sababu yake.